Matofali ya Kulaza na Waifai Isiyovuka Ukuta

Nilipojenga Iyumbu mwaka 2018, fundi aliniuliza swali ambalo kila anayejenga huulizwa: mzee, tofali tunasimamisha au tunalaza? Nikamwambia laza. Kulaza kunakula matofali na saruji, lakini nilikuwa nimeshahamia Dodoma na wizara yangu kutoka Dar, nikajua hapa ndipo nitakapozeekea, na huku ardhi hutikisika mara mojamoja. Nikalaza kuta za nje, nikalaza na za ndani, hata ule unaotenga choo na stoo. Wageni wakija nilikuwa naupiga ukuta kwa kiganja ili wasikie ulivyo mzito, hautoi hata mlio.

Miaka mitano baadaye ukuta huohuo ukaanza kunidai.

Faiba ilifika mtaani kwetu 2023. Vijana wawili walikuja na ngazi, wakavuta uzi mweusi mwembamba kutoka kwenye nguzo ya barabarani, wakatoboa sebule kwenye kona iliyo karibu na geti, wakafunga ruta nyuma ya televisheni, nikasaini, wakaondoka. Kazi ya saa moja. Kona ile haikuchaguliwa kwa sababu nyingine yoyote ila ndiyo iliyokuwa jirani na nguzo. Nami sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kuangalia taarifa ya habari.

Sebuleni mambo yalikuwa moto. Ukiingia chumbani kwetu, ng'ambo ya koridoni, alama zinabaki mbili. Vyumba vya watoto, mwisho wa koridoni, alama moja nayo inakuja na kuondoka. Uani, kwenye vyumba viwili ninavyowapangisha wanafunzi wa UDOM, hakuna kitu kabisa, ingawa tangazo nililobandika getini lilisema "maji, luku yako mwenyewe, waifai ipo."

Binti yangu mkubwa anasomea mitihani ya bodi ya uhasibu na vipindi vyake ni vya mtandaoni, usiku. Aligundua mwenyewe kwamba koridoni, mbele ya mlango wa bafu, mtandao unapita vizuri. Basi kila ikifika saa mbili usiku anageuza ndoo, anakaa, kompyuta magotini, na kila anayekwenda kuoga anamruka. Siku moja mwalimu wake alimwuliza mbona kila kipindi anasikia maji yanamwagika.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kupandisha kifurushi. Nilifikiri kwa akili ya bomba: maji hayafiki mwisho wa shamba, ongeza presha. Nikalipia kasi mara mbili. Nikapima sebuleni, kweli imepanda. Nikapima chumbani kwa binti: Mbps tatu na ushee, palepale ilipokuwa. Nilikuwa nanunua maji mengi zaidi na kuyamwaga getini. Inaniuma kusema kwamba niliendelea kulipa nyongeza hiyo miezi minne kabla ya kukubali.

Dawa ya pili ilikuwa repita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi chenye masikio mawili. Nikakichomeka chumbani kwa binti, kwenye tatizo lenyewe. Alama zikajaa. Nikaita watu waje waone. Wakaja, wakaona, wakafungua video, ikazunguka. Nilichelewa kuelewa kwamba repita haina intaneti yake. Inasikiliza ruta, kisha inarudia ilichosikia, na ukiiweka mahali ambapo hata simu haisikii vizuri, itarudia minong'ono kwa sauti kubwa. Tena nyingi za bei ya chini hutumia redio moja kusikilizia na kusemea, kwa hiyo kasi ambayo ilikuwa ndogo inagawanywa tena karibu nusu. Zile alama tano zilikuwa zinaniambia simu inaisikia repita vizuri. Repita yenyewe inasikia nini, hilo hazikulisema.

Aliyeniokoa alikuja na malalamiko. Mei 2024, Jumamosi asubuhi, mpangaji mmoja alibisha hodi jikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Luku imeisha?"

"Hapana mzee. Nimekuja kwa ajili ya ile waifai ya kwenye tangazo."

Nikaona aibu, nikamkaribisha chai. Kumbe kijana anasoma CIVE, ile ndaki ya UDOM ya mambo ya kompyuta. Akaomba kuzunguka nyumba akiwa na simu yake. Alikuwa na programu inayoonyesha nguvu ya mtandao kwa namba badala ya vile vijiti. Namba zenyewe ni za hasi: ukikaribia sifuri ndio vizuri, ukishuka chini ya hasi 70 ujue taabu imeanza. Chini ya ruta ilisoma hasi 38. Mlangoni kwa chumba changu, hasi 63. Ndani kwa binti, hasi 79. Tulipotoka uani ikasoma hasi 88, kisha simu ikaachia.

Aliporudi koridoni akaupiga ukuta kwa kiganja, vilevile kama nilivyokuwa nikiwapigia wageni.

"Mzee, hizi tofali umelaza?"

"Nimelaza," nikamjibu, na kifua nikakitoa kidogo.

"Basi ndizo zinazokula mtandao."

Akanieleza. Ruta yangu inasema kwa sauti mbili. Ile ya GHz 5 ina mbio lakini ukuta unaichosha upesi; ile ya GHz 2.4 inavuka zaidi lakini haina mbio hiyo, na majirani wote wako humohumo. Kati ya ruta na kitanda cha binti kuna kuta tatu za kulaza zilizopigwa plasta pande zote, na kabati letu lenye kioo cha kimo cha mtu, ambacho mgongoni kimepakwa metali. Hakuna kifurushi kinachotoboa hayo. Ushauri wake ulikuwa tuweke aksesi pointi tatu, vile visahani vyeupe vya kubandika darini, na kila kimoja kivutiwe waya wake kutoka kwenye swichi, kisanduku chenye matundu mengi cha kugawa mtandao kwa nyaya, karibu na ruta. Safari ndefu ifanywe na waya; hewani yabaki yale mapito mafupi kutoka darini mpaka mkononi.

Nilimbishia. Nilimwambia mimi nilichukua waifai ili niepukane na nyaya, sasa ananirudisha kulekule. Akacheka tu, akamalizia chai.

Kabla ya kutoboa popote alitaka tujaribu. Jambo hilo hadi leo naliona ndilo la akili kuliko yote tuliyofanya. Akaazima waya mrefu na kisahani kimoja chuoni kwao, tukaulaza waya sakafuni, kisahani tukakifunga kwa gundi ya karatasi juu ya ngazi, tukawa tunahamisha ngazi. Mimi nilitaka kikae koridoni, katikati, kila chumba kipate haki yake. Tukapima: koridoni kwenye ndoo hasi 35, ndani ya vyumba hasi 70. Mtandao ulikuwa unakimbia koridoni kama maji kwenye mfereji, hauingii shambani. Tukapeleka ngazi chumbani kwa binti: kwake hasi 40, kwa wadogo zake, ukuta mmoja tu, hasi 58. Kwa nyumba ya kusimamisha tofali pengine koridoni ingetosha. Kwa yangu, kisahani kinakaa chumbani, walipo watu.

Kisha chuo kikafunga, kijana akaenda kwao, na mimi nikashindwa kusubiri.

Septemba nilikwenda mjini, upande wa Majengo, kununua boksi la waya. Mita 305 kwa boksi. Yalikuwepo mawili kaunta, yote yameandikwa Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao, moja bei yake nusu ya jingine. Nikamwuliza muuzaji tofauti. "Zote moja mzee, unalipia jina tu." Mtu wa kulaza tofali, aliyekataa kubana matumizi kwenye ukuta, siku hiyo akabana kwenye waya. Nililibeba lile la nusu bei kwa mkono mmoja mpaka stendi ya bajaji, tena nikalisifu kwamba ni jepesi.

Nikamchukua fundi umeme aliyetandaza nyumba yangu, mtu mwaminifu na mjuzi wa kazi yake. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu darini, chini ya bati, jua la Dodoma likishafika saa nne unakaangwa mzimamzima. Mwenyewe alijua mambo ambayo nisingeyajua: waya wa mtandao usiufunge pamoja na wa umeme, upe nafasi ya futi moja hivi, na pale lazima vikutane vivukane msalaba. Aliniambia pia, mara tatu, nikanyage mbao, nisikanyage jipsamu.

Mama Watoto alikuwa sebuleni anachagua mchele. Anasema aliona kwanza vumbi jeupe, kisha kandambili, kisha mguu wa mume wake mpaka gotini.

Tukaendelea na kazi. Chumbani kwa binti kisahani kimoja, na waya mmoja ukashuka chumbani kwetu. Kwenda uani, fundi alishauri tupitishe juu, kutoka kwenye mbao za upenu hadi kwenye chanja la zabibu, kutoka chanjani hadi kwenye upenu wa vyumba vya wapangaji. Ulining'inia vizuri, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ukijumlisha mizunguko yote ya darini ulikuwa mita sitini na kitu, na kwenye maelezo ya boksi nilisoma kwamba waya wa shaba unaruhusiwa hadi mita 100, nikalala usingizi.

Swichi niliyonunua ni ile inayopeleka umeme ndani ya waya uleule wa mtandao, kisahani hakihitaji soketi darini. Kiwango chake cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na hivi visahani vya nyumbani vingi vinatosheka humo. Hili lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu ukiweka betri moja ndogo ya akiba hapo kwenye ruta na swichi, umeme ukikatika nyumba nzima inabaki hewani.

Ilikwenda vizuri siku tatu. Baada ya hapo kisahani cha uani kikawa kila jioni kinazima na kuwaka. Mchana hakina neno. Ikifika saa moja usiku wapangaji wakirudi na kuanza kukitumia, taa inabadilika, kimya dakika mbili, kinarudi, kinazima tena. Cha binti hakikuzima, lakini kasi yake ilikuwa ya ajabu: mara juu, mara chini ya ile ya repita. Fundi akaja na testa yake, akachomeka ncha hii na ile, taa nane zikawaka kwa mpangilio, moja mpaka nane. "Unaona mwenyewe bosi, waya mzima." Nikaona mwenyewe. Nikaamini visahani ni vibovu, nikagombana na duka lililoniuzia visahani. Hawakuwa na kosa.

Kijana alirudi Novemba, kwa treni ya mwendokasi, na kabla hajafungua begi nikawa nimeshamwita. Hakugusa visahani. Alikata kipande cha waya kilichobaki kwenye boksi, akakaa barazani, akamenya ganda, akachukua wembe na kukwangua uzi mmoja taratibu. Juu wekundu wa shaba. Mkwaruzo wa pili, chini yake nyeupe.

"Hii ni sufuria, mzee."

Alikuwa na maana ya alumini iliyopakwa shaba. Kwenye boksi, chini kabisa, herufi ndogo zilikuwepo: CCA. Alumini inaukatalia umeme zaidi ya shaba kwa kama mara moja na nusu, kwa hiyo kwenye mita sitini umeme wa swichi unafika uani umepungua. Mchana kisahani kinastahimili. Wapangaji wakikibana, kinataka wati zaidi, hazifiki, kinazima. Tena uzi wake ni mwepesi kukatika ukikunjwa, na ule ukomo wa mita 100 niliojivunia umewekwa kwa shaba tupu. Ule wepesi niliousifu stendi ya bajaji ulikuwa unaniambia kila kitu.

Akahamia kwenye vichwa, vile vya plastiki vinavyobanwa kwenye ncha za waya. Akakitazama kile cha chumbani kwa binti dhidi ya mwanga, akakaa kimya kidogo, halafu akamsifu fundi kwa usafi wa kazi. Nikajua kuna jambo. Ndani ya waya kuna nyuzi nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa pamoja: ya chungwa, ya kijani, ya bluu, ya kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mstari. Fundi wangu alizipanga kama mtu yeyote mwenye utaratibu angezipanga, jozi baada ya jozi, na ncha zote mbili sawasawa. Testa ya taa inauliza swali moja tu, je, uzi wa kwanza huku ndio wa kwanza kule? Ndiyo. Taa zote zinawaka. Lakini mtandao unataka tundu la tatu na la sita ziwe za jozi moja, kwa sababu nyuzi mbili zilizosokotana ndizo zinazofutiana kelele. Kwa mpangilio wa fundi, la tatu lilikuwa la kijani na la sita la bluu. Wenza wametenganishwa, kila mmoja amelala na wa mwenzake, na kelele za huku zinasikika kule.

Akanifundisha kupanga, na hapa nataka nikae kidogo maana mikono yangu ndiyo iliyojifunza. Unamenya ganda kama urefu wa kidole gumba. Unasokotoa nyuzi, unazinyoosha kwa kuzivuta kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ziache kujikunja. Nyeupe ya chungwa, chungwa. Nyeupe ya kijani. Halafu, hapo ndipo wengi wanapopotea, kijani mwenyewe hafuati. Anapanua miguu, bluu anapita katikati: bluu, nyeupe ya bluu, ndipo kijani. Mwisho nyeupe ya kahawia, kahawia. Unazibana zikae bapa, unazikata kwa mkupuo mmoja ziwe sawa, unazisukuma ndani ya kichwa mpaka uone vinukta vinane vya shaba mbele kabisa, na ganda la nje nalo liingie chini ya kile kilimi cha plastiki ili ndilo libebe uzito. Kisha unabana. Niliharibu vichwa kumi na moja. Cha kumi na mbili taa ya swichi iliwaka kijani, na sikuwa nimefurahi hivyo tangu nilipopewa hati ya kiwanja.

Tulirudi mjini, tukanunua boksi la shaba tupu, na safari hii nilikuja na wembe mfukoni. Muuzaji alinitazama vibaya. Nikakwangua. Nyekundu mpaka ndani. Boksi lenyewe lilinitia maumivu ya kiuno. Darini niliwaachia vijana wavute. Mama Watoto alisimama chini ya ngazi kuhakikisha sipandi. Ule waya wa sufuria haukupotea bure, ndio unaofungia matawi ya zabibu.

Nimwombe msamaha fundi wangu hapa pia. Nilimkasirikia wiki nzima, lakini ni mimi niliyempa kazi isiyo yake na waya usiofaa, halafu nikasimama chini nikimwambia afanye haraka.

Chumbani kwetu nilitaka kuokoa pesa, nikaweka ruta ya zamani niliyokuja nayo kutoka Dar badala ya kisahani cha tatu. Inawezekana, na watu wengi wanafanya, ila niliichomeka vile ilivyo. Matokeo yake yalikuwa ya uchawi: simu ya mke wangu inaingia mtandaoni, yangu inaandika imeunganishwa lakini intaneti hakuna, tumelala kitanda kimoja, jina la waifai lilelile. Kesho yake imegeuka, yangu inaingia, yake haiingii. Kumbe ndani ya nyumba kulikuwa na mabwana wawili wanaogawa anwani, zile namba ambazo kila simu hupewa ili itambulike kwenye mtandao, yaani ruta mpya na ya zamani, na wote wawili wanajiita 192.168.1.1. Simu iliyopewa anwani na ile ya zamani ilikuwa inaelekezwa mlango usiotoka nje. Dawa ilikuwa dakika tano: kuizuia ile ya zamani isigawe anwani, kuipa anwani yake nyingine, na waya wake kuuchomeka kwenye matundu ya kawaida, si lile lililotengwa kwa ajili ya intaneti.

Majina yote tukayafanya mamoja, na neno la siri moja, chaneli, yaani njia za hewani, ndizo tofauti. Kwenye GHz 2.4 ni tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, kwa hiyo ruta ilipewa 1, kwa binti 6, chumbani kwetu 11, na uani tukarudia 1 kwa kuwa ni mbali. Kisha kijana akafanya jambo nililoliona la kichaa: akapunguza nguvu za visahani. Nilimwuliza, nimelipa pesa zote hizi ili tupunguze nguvu? Akasema anayeamua kuhama kisahani ni simu yenyewe, na simu nyingi zina uvivu wa kuhama. Ikisikia bado kamtandao ka sebuleni, itakang'ang'ania hata ikiwa imesimama chini ya kisahani cha uani. Punguza sauti, itaachia. Simu ya Mama Watoto, aliyezoea kuzungumza na wateja wake huku anatoka sebuleni kwenda uani, ilikuwa inakatika kila akifika mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo haikatiki.

Nilidhani tumemaliza. Januari, mvua zikiwa zimeshika, radi ilipiga mahali fulani upande wa milima, si kwetu, hata si mtaani kwetu. Taa za nyumba hazikutikisika. Lakini swichi ikafa matundu mawili, kisahani cha uani kikafa moja kwa moja, na tundu moja la ruta likafa nalo. Ule waya uliokazwa juu ya zabibu kama kamba ya nguo ulikuwa umejifanya antena. Radi haikuhitaji kuugusa, mkurupuko wake wa umeme ulitosha. Kijana alinyamaza, akakiri alipaswa kuliona hilo wakati tunabadilisha waya. Nami nilikuwa nimepita chini yake kila asubuhi.

Kati ya nyumba na uani sasa hakuna tena shaba. Tulichimba mtaro wa futi moja na nusu, tukalaza bomba la plastiki, tukapitisha faiba ya mita 50 iliyonunuliwa ikiwa na vichwa vyake tayari, na kila ncha ina kisanduku kidogo kinachogeuza mwanga kuwa mtandao wa waya wa kawaida. Faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga upande mmoja haivuki kwenda wa pili kwa njia hiyo. Hasara yake ni kwamba umeme wa swichi nao hauvuki. Kisahani cha uani kimepata chaja yake kwenye soketi ya mpangaji, na luku yake namrudishia kila mwezi. Alipiga hesabu mwenyewe, ya kweli, mpaka senti.

Binti siku hizi anasomea chumbani, mlango umefungwa, na ndoo imerudi bafuni. Kifurushi nilikirudisha kwenye kile cha awali, hakuna aliyegundua. Shimo la sebuleni bado lipo, nimelibandika boksi lililofunguliwa, lile la Cat6 la nusu bei, maandishi yakiangalia chini. Fundi jipsamu alisema atakuja Jumamosi. Hiyo ilikuwa Oktoba.